Vogue, Difenda na 109: Ukoo Mmoja wa Magari

Mwezi uliopita, kwenye gereji moja ya Unga Limited hapa Arusha, niliyakuta magari mawili yameegeshwa ubavu kwa ubavu. La kwanza lilikuwa Land Rover 109 ya kijani, bodi imejaa viraka vya alumini, nyuma mabenchi mawili ya mbao yanayotazamana, na juu kerea iliyopinda kwa miaka mingi ya kubeba mikungu ya ndizi. La pili lilikuwa Range Rover nyeusi yenye vioo vya giza, na ndani viti vya ngozi rangi ya maziwa. Kijana mmoja anayejifunza ufundi pale, mikono imejaa grisi, alinisalimia kisha akauliza, "Eti mzee wangu, haya ni ya kampuni moja au mbili?"

Fundi wake alijibu kutoka chini ya gari: "Moja." Mwenye Range Rover, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akisubiri, akasema, "Mbili." Kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli, na kijana akabaki na swali lake. Nilimwambia nitarudi na jibu. Ndilo hili, na limekuwa refu kuliko nilivyotarajia.

Tuanze na majina, maana ndiyo yanayotupoteza. Mtaani tunasema "difenda" tukimaanisha gari la polisi lenye mabenchi nyuma, hata siku hizi ambapo mara nyingi gari lenyewe limetengenezwa na Toyota. Tunasema "Vogue" tukimaanisha Range Rover yoyote kubwa. Kwa asili yake, Land Rover lilikuwa jina la gari moja tu, lililotoka mwaka 1948. Range Rover ilikuja mwaka 1970 ikiwa gari la pili la nyumba hiyohiyo. Discovery ikafuata mwaka 1989. Hapo lile gari la kwanza likawa halina jina lake tena, kwa sababu Land Rover lilikuwa limegeuka jina la nyumba nzima, na ndiyo maana mwaka 1990 likapewa jina la Defender. Kwa hiyo gari kuukuu la mwaka 1975 linaloitwa difenda pale Kilombero hapa mjini, siku linatoka kiwandani halikuwa Defender. Jina hilo lilikuwa halijabuniwa.

Na zile namba? 88, 109, 110 na 130 ni inchi, umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. 109 ni kama sentimita 277. Ile inayoitwa 90 walikadiria tu; ukiipima unapata karibu inchi 93.

Mchanga wa Anglesey

Rover, kampuni iliyolizaa gari hilo la kwanza, ilianza na baiskeli. Mwaka 1885, katika mji wa Coventry, Uingereza, John Kemp Starley alitoa baiskeli yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana na mnyororo unaozungusha lile la nyuma. Baiskeli inayobeba tenga la nyanya kuingia sokoni leo bado inafuata umbo hilo. Huko Poland jina lilinata kabisa: kwa lugha yao baiskeli ni "rower" mpaka leo. Magari ya Rover yalianza mwaka 1904, na kufikia miaka ya 1930 yalijulikana kuwa magari ya madaktari na mawakili, imara na yaliyotulia, yasiyopiga kelele za kujionyesha.

Vita Kuu ya Pili ikavuruga yote. Kiwanda cha Coventry kilipigwa mabomu mwaka 1940. Vita ilipokwisha, kampuni ilijikuta Solihull, kwenye kiwanda kikubwa kilichojengwa kwa ajili ya injini za ndege za kivita, na haikuwa na cha kutosha cha kutengeneza humo. Chuma cha feleji kilitolewa kwa mgawo. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeishiwa fedha za kigeni, hivyo ilimgawia chuma yule aliyeweza kuuza bidhaa nje ya nchi. Magari ya kistaarabu ya Rover hayakuwa na soko kubwa nje.

Mhandisi mkuu wa kampuni, Maurice Wilks, alikuwa na shamba kwenye kisiwa cha Anglesey, Wales. Kazi za shamba alizifanya kwa Jeep iliyosalia ya jeshi la Marekani. Spencer Wilks, ndugu yake na mkurugenzi wa Rover, alimuuliza atafanya nini Jeep hiyo ikifa. Maurice akasema atanunua nyingine, kwa kuwa hakuna gari lingine linaloweza kazi ile. Jibu hilo liliwashtua wote wawili, maana wao wenyewe walikuwa watengeneza magari. Mwaka 1947, kwenye ufuko wa Red Wharf Bay, Maurice alichora mchangani gari alilolifikiria.

Hapa ningependa msomaji akae kidogo, kwa sababu karibu kila kitu tunachokiita hulka ya Land Rover kilizaliwa na ukata. Bodi ni ya alumini kwa kuwa feleji ilikuwa ya mgawo, ilhali alumini ya viwanda vya ndege ilipatikana. Mabati yake ni bapa na kona zake hazina madoido, kwa kuwa hapakuwa na pesa za kutengeneza mashine kubwa za kukandamiza bati lenye mikunjo. Ile rangi ya kijani ya mwanzo ilikuwa rangi ya ndege za kivita iliyobaki. Nyuma iliweza kufungwa shafti ya kuzungusha mashine za shamba, kwa kuwa walengwa walikuwa wakulima. Jeep ndiyo iliyokuwa kielelezo. Gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep, na usukani wake ulikuwa katikati.

Tarehe 30 Aprili 1948 gari lilioneshwa kwenye maonesho ya Amsterdam. Injini lita 1.6, bei pauni 450. Wakuu wa Rover walilihesabu kuwa gari la kuvukia kipindi kigumu, miaka miwili au mitatu, kisha warudi kwenye magari yao ya madaktari. Muda si mrefu likawa linauzwa kuliko hayo magari mengine. Mwaka 1976 Land Rover ya milioni moja ilitoka kiwandani.

Kitufe cha njano

Sisi tuliokulia Arusha hatukuhitaji kusomea historia hiyo. Utotoni nilipanda Land Rover kutoka Ngaramtoni kwenda mnadani Monduli zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu. Tulikaa kwenye mabenchi, magoti yakigusana na ya aliye mbele, mbuzi miguuni, madumu ya maziwa yakigongana. Mvua ikiwa imenyesha, dereva alisimama, akashuka, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele akazungusha hab, kile kifungio cha katikati ya gurudumu, kwa mkono, upande huu kisha upande ule. Akirudi alibonyeza kitufe cha njano kilichokuwa karibu na gia. Palipokuwa pabaya kabisa alivuta na ule mkono mwekundu. Sisi watoto tulijua maana ya rangi hizo kabla ya kujua maana ya taa za barabarani: njano, magurudumu ya mbele nayo yanavuta, nyekundu, gari linatambaa kwa nguvu zote na hakuna tope litakalolishika.

Udongo wetu ndio uliolifanya gari hilo lipendwe. Ule mfinyanzi mweusi wa Simanjiro, ukilowa, hunata kwenye tairi mpaka gurudumu linakuwa donge. Njia ya kwenda Ziwa Natron ni majivu ya volkano na mawe. Kushuka bonde la Ngorongoro kwa njia ya Seneto na kupanda kwa njia ya Lerai ni mteremko na mwinuko wa karibu mita 600 kutoka ukingoni hadi chini, na mpaka leo gari lisilovuta kwa magurudumu manne haliruhusiwi kushuka. Barabara ya lami kutoka Makuyuni kufika lango la Ngorongoro ni ya juzi tu. Kabla yake, mganga wa zahanati, mkaguzi wa shule, padri, askari wa wanyamapori na mnunuzi wa mahindi wote waliwasili kwa gari la aina moja.

Lilikuwa na udhaifu wake, na madereva waliujua. Haf-shafti, ule mtaimbo unaopeleka nguvu kutoka kwenye difu, yale meno ya katikati ya ekseli yanayogawa nguvu, hadi gurudumuni, zilikatika gari likizidiwa mzigo, na dereva mzoefu alibeba ya akiba. Bodi ya alumini haipati kutu kama ya chuma, lakini chesisi iliyo chini yake ni ya feleji na huoza kimyakimya. Hata hivyo kila kinachoharibika unaweza kukiona kwa macho na kukifungua kwa spana. Viraka vya ile 109 ya Unga Limited ni ushahidi: mtu alikata bati, akalipiga ripiti, safari ikaendelea.

Gari lililooshwa kwa mpira wa maji

Sasa Range Rover. Mwaka 1966 wahandisi wawili wa Rover, Spen King na Gordon Bashford, walianza kuunda gari lenye inchi 100 kati ya ekseli. King alikuwa mtoto wa dada wa akina Wilks, kwa hiyo ninaposema ukoo sitanii. Swali lao lilikuwa rahisi kulitamka: je, gari linaweza kupita linapopita Land Rover, kisha likashika barabara ya lami kwa kasi na starehe ya gari dogo?

Injini waliipata Marekani. Kampuni ya General Motors ilikuwa imeunda injini ya alumini ya silinda nane kwa ajili ya magari ya Buick, ikaiacha baada ya miaka michache kwa kuwa gharama za kuitengeneza zilikuwa kubwa. Rover ikanunua haki zake mwaka 1965. Nyepesi, lita 3.5, nguvu tele.

Nguvu hiyo ilileta tatizo, na utatuzi wake ndio moyo wa gari hili. Ukiisukuma yote kwenye ekseli ya nyuma peke yake, inabidi ekseli hiyo iwe nene na nzito mno, na gari linarudi kuwa trekta. King akaigawa nguvu mbele na nyuma muda wote, ili kila ekseli ibebe nusu na iweze kuwa nyepesi. Lakini gari likikata kona, magurudumu ya mbele husafiri umbali tofauti na ya nyuma. Kama yamefungwa pamoja, kitu kitapinda au kukatika. Ndiyo sababu kwenye 109 ule mvuto wa mbele haupaswi kutumika kwenye lami kavu. Dawa yake ni difu ya tatu, katikati ya gari, inayoruhusu mbele na nyuma kutofautiana kidogo. Ukifika topeni unaifunga, zote zinazunguka sawa.

Jambo la pili lilikuwa springi. Land Rover za zamani zilikalia springi za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka: zinabeba mzigo vizuri, lakini ni ngumu na hazishuki sana. King akaweka koili springi ndefu. Gurudumu likikutana na shimo linashuka mbali kulifuata, tairi linabaki limegusa ardhi, na tairi lililogusa ardhi ndilo linalovuta na kufunga breki. Watu waliolipanda kwa mara ya kwanza walistaajabu kuona starehe na uwezo wa porini vikitoka kwenye chuma kilekile. Mimi naona hapo ndipo mwanzo wa kweli wa gari hili, kabla ya ngozi na mbao.

Maana ngozi na mbao hazikuwepo! Range Rover ilipozinduliwa Juni 1970 kwa pauni 1,998 ilikuwa na milango miwili, viti vya plastiki, na sakafu unayoweza kuisafisha kwa mpira wa maji. Ilikusudiwa mtu mwenye shamba na pesa kidogo. Umbo lake, lililokamilishwa na David Bache, lilipendeza kiasi kwamba gari lilioneshwa kwenye jumba la makumbusho la Louvre, Paris, kama mfano wa usanifu wa viwandani. Halafu likapelekwa kuteseka. Kati ya Desemba 1971 na Juni 1972, Range Rover mbili zilitoka Alaska hadi ncha ya kusini ya Amerika, zikapita msitu na vinamasi vya Darién kati ya Panama na Colombia, mahali ambapo barabara haipo hadi leo. Kipande hicho peke yake kiliwachukua karibu siku mia. Difu zilivunjika njiani kwa uzito waliozitwisha, wakaletewa nyingine, wakaendelea. Mwaka 1979, kwenye mashindano ya kwanza ya Paris hadi Dakar, Range Rover ndiyo iliyoshinda upande wa magari.

Nani alileta ngozi?

Wateja ndio walioleta. Kampuni, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya British Leyland, kundi la watengeneza magari wa Uingereza, na ikataifishwa mwaka 1975, haikuwa na pesa za kubadili chochote, na kwa miaka kumi gari lilibaki karibu vilevile. Wenye mali, waliokuwa wakilitumia kuvuta trela za farasi kijijini, wakaanza kwenda nalo London kwenye chakula cha jioni. Wakataka zaidi. Mafundi wa nje wakaanza kuwafanyia yale yaliyokishinda kiwanda: viti vya ngozi, mbao, na mwaka 1980 kampuni ya Monteverdi ya Uswisi ikaonesha Range Rover ya milango minne. Kiwanda kikatoa yake ya milango minne mwaka uliofuata.

Hilo ndilo chimbuko la "Vogue" pia. Mnamo 1981 gari liliazimwa na jarida la mitindo liitwalo Vogue kupigia picha huko Biarritz, Ufaransa. Picha zikapendwa. Kiwanda kikatoa toleo la magari 1,000 lililoitwa In Vogue, likiwa na rangi yake maalumu na kikapu cha chakula cha matembezini. Baadaye neno Vogue likabaki kuwa daraja la vionjo ndani ya Range Rover, kama mtu anavyochagua chumba cha kawaida au cha juu kwenye hoteli ileile. Kwa hiyo ukimsikia mtu wa Njiro akisema amenunua Vogue, ametaja daraja, na huenda gari lake si hata la daraja hilo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Gia za otomatiki mwaka 1982. Marekani mwaka 1987, na kule liliuzwa tangu siku ya kwanza kama gari la kifahari. Hakuna Mmarekani aliyeambiwa habari za mpira wa maji. Breki zisizojifunga ghafla mwaka 1989, na mwaka 1992 springi za hewa: mifuko ya mpira iliyojazwa upepo na kusimamiwa na kompyuta, inayoinua gari kwenye mawe na kulishusha kwenye lami.

Mvuto wake lakini hauelezwi na orodha ya vifaa. Magari yenye vifaa vingi zaidi yapo. Kwanza ni namna unavyokaa: juu, wima, boneti yote ikionekana mbele yako hadi kwenye kona zake mbili. King na wenzake walitaka dereva aone gari lake linaishia wapi kwenye njia nyembamba ya shamba. Mtu wa mjini akikaa pale anajisikia ametawala barabara. Pili ni mistari. Paa linaloonekana kama limeelea juu ya vioo, mstari wa kiunoni ulionyooka, boneti inayofunika hadi pembeni. Kuanzia 1970 hadi toleo la tano la Oktoba 2021, mistari hiyo haijaachwa, na kwa hiyo gari la mwaka huu linamfanya hata mwenye lile la baba yake aonekane hajapitwa.

Sababu ya tatu ndiyo ninayoiona kubwa kuliko zote. Pale Monduli utamkuta mzee mwenye ng'ombe mia tano, amevaa lubega lilelile na makubadhi yaleyale ya tairi kama mchungaji wake. Hahitaji kukuambia chochote. Wakuu wa Uingereza nao walikuwa na tabia inayofanana na hiyo, na Land Rover ndilo lililokuwa lubega lao. Mfalme George wa Sita aliipa kampuni kibali cha kuhudumia nyumba ya kifalme mwaka 1951. Mume wa malkia, Prince Philip, alipozikwa Aprili 2021, jeneza lake lilibebwa na Land Rover ya kijani cha kijeshi ambayo mwenyewe alikuwa ameisanifu kwa miaka kadhaa kwa ajili ya siku hiyo. Mtu aliyeweza kubebwa na gari lolote duniani alichagua pikapu ya shamba.

Range Rover inabeba kivuli hicho. Anayeinunua ananunua pia tope la Darién, milima ya Wales na yale mabenchi ya mbao niliyoyakalia mimi, hata kama gari lake halitatoka kamwe kwenye lami ya Barabara ya Sokoine. Sisi Watanzania tumo kwenye hesabu hiyo moja kwa moja: mwaka 1991 mashindano ya Camel Trophy, yaliyofadhiliwa na kampuni ya sigara na kutumia magari ya Land Rover, yalipita Tanzania hadi Burundi kwa Discovery za rangi ya mchanga, na timu ya Uturuki ikashinda. Picha za magari yale yamezama kwenye matope yetu zilizunguka dunia zikiuza magari kwa watu ambao hawatafika hapa. Ufahari wa Range Rover umelipiwa na kazi ya 109, na naamini bila ile ya viraka, ile nyeusi ingekuwa gari ghali tu kati ya magari ghali.

Wenye nyumba

Mlolongo wa wamiliki nitaupitia kwa haraka. Kutoka serikali ya Uingereza kampuni ilikwenda British Aerospace mwaka 1988, kisha BMW ya Ujerumani mwaka 1994, kisha Ford ya Marekani mwaka 2000. Mwaka 2008 Ford, ikiwa kwenye dhiki ya fedha, iliuza Land Rover pamoja na Jaguar kwa Tata Motors ya India, kwa dola bilioni 2.3. BMW ndiyo iliyounda Range Rover ya mwaka 2002, ile ambayo wengi hapa mjini waliifahamu kwanza. Pesa za Tata ndizo zilizozaa ile ya mwaka 2012, bodi yote alumini, nyepesi kuliko iliyotangulia kwa hadi kilo 420. Alumini ilirudi tena, safari hii kwa hiari.

Ratan Tata, aliyeongoza ununuzi ule, alifariki Oktoba 2024. Mwezi huohuo, hapa Arusha, Land Rover zilikusanyika kwa mamia kwenye tamasha lililofanyika Kisongo: za mazao, za utalii, za wafugaji, nyingine zimetoka mikoa ya mbali kwa injini zao wenyewe. Nilitembea katikati ya mistari ile nusu siku nzima. Wenye magari walisimama mbele ya boneti zao kama watu waliosimama mbele ya nyumba zao.

Mtu atauliza, kama Arusha inaipenda hivyo, mbona magari ya watalii karibu yote sasa ni Land Cruiser? Hata jina hilo lina undugu na simulizi hii. Toyota walipotafuta jina mwaka 1954, mmoja wa wakuu wao, Hanji Umehara, alitaka lisipungue heshima mbele ya Land Rover, ndipo likaja Land Cruiser. Kuhusu kazi, Toyota waliendelea kuuza gari lenye injini ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na kompyuta na yenye vipuri kila mji, wakati Land Rover mwaka 1998 iliweka kwenye Defender injini ya Td5 inayoendeshwa kwa elektroniki. Mwenye kampuni ya utalii, akiwa na wageni sita katikati ya Serengeti, alichagua kile ambacho dereva anaweza kukifungua mwenyewe. Mafundi wa Arusha wakahamishia ujuzi wao huko: kukata chesisi, kuirefusha, kuweka paa la kuinua. Naona walichagua sawasawa. Defender ya asili ilimaliza uzalishaji Solihull tarehe 29 Januari 2016, baada ya zaidi ya magari milioni mbili. Defender mpya, iliyooneshwa 2019, inatengenezwa Slovakia na ni gari la starehe.

Kwa anayetamani Range Rover iliyotumika, kitu kimoja kinahitaji kueleweka vizuri. Gari la kifahari hushuka bei haraka, kwa hiyo baada ya miaka kumi unaweza kuliona mtandaoni likiuzwa bei ya gari la kawaida. Kipuri chake hakishuki. Mfuko wa hewa, kompresa yake, sensa, pampu ya dizeli ya shinikizo kubwa: vyote vinabaki na bei ya gari la tajiri, na vingi havipimiki bila mashine ya kusoma kompyuta. Ongeza kodi za kuingiza gari nchini, ambazo hupanda kwa ukubwa wa injini na kwa umri wa gari, na hapa vyote viwili viko juu. Kabla ya kulipa, liache gari limezimwa usiku kucha kwenye sakafu iliyonyooka. Asubuhi likionekana limelala kona moja, mifuko inavuja. Kisha tafuta fundi mwenye ile mashine, si mwenye spana pekee.

Jumamosi iliyopita nilirudi Unga Limited. Nikamweleza yule kijana kwamba yalizaliwa nyumba moja, Solihull, chini ya mjomba na mpwa wake, na kwamba mwaka 2023 kampuni ilitangaza kuyatenganisha: Range Rover, Defender na Discovery kila moja iwe chapa yake, na jina la Land Rover libaki nembo ya uaminifu nyuma yao. Kwa hiyo bosi wake alikuwa sahihi kwa miaka mingi, na mteja amekuwa sahihi tangu juzi.

Alisikiliza vizuri. Kisha akauliza lililokuwa linamhusu yeye: "Sasa mzee, vipuri vya hili vinaingia kwenye lile?"

"Hata nati moja haiingii," fundi akasema, akampa spana namba kumi na saba. Haf-shafti mpya ilikuwa imelala kwenye gunia, na 109 ilitakiwa iwe Monduli kabla ya saa nane.